Shajara ya mradi: tegu la nguruwe, kutoka karo la Kibaigwa hadi kwenye jeli

Wiki ya 1, Jumatatu

Kibali cha maadili kimetoka, barua ya wilaya imetoka, pikipiki ya kukodi imepatikana. Kabla sijazama kwenye matope niandike tunachotafuta, maana nikifika wiki ya kumi nitakuwa nimesahau.

Tegu la nguruwe, *Taenia solium*, lina nyumba mbili. Likiwa pevu hukaa kwenye utumbo mwembamba wa binadamu, mara nyingi mita 2 hadi 4, likidondosha pingili zilizojaa mayai. Pingili moja inaweza kubeba mayai 50,000 hivi. Nguruwe akila kinyesi cha mtu huyo, mayai huanguliwa, vitoto hutoboa ukuta wa utumbo, huingia kwenye damu na kwenda kujenga vifuko kwenye nyama: ulimi, moyo, mapaja, mabega. Wachinjaji huviita chenga za mchele. Mtu akila nyama hiyo haijaiva, tegu jipya linaota tumboni mwake.

Kuna njia ya pili, na hiyo ndiyo inayoua. Mtu akimeza mayai yenyewe, kupitia mikono, maji au mboga, basi yeye ndiye anayegeuka nguruwe: vifuko vinajengeka mwilini mwake, hata kwenye ubongo. Kifafa huanzia hapo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika maeneo yenye tegu hili, karibu asilimia 30 ya kifafa hutokana nalo. Mtu anaweza kupata ugonjwa huu bila kuonja kitimoto maisha yake yote.

Swali letu ni dogo. Mategu ya Dodoma ni ukoo mmoja au koo kadhaa? Na kama ni koo kadhaa, zimekaaje kwenye ramani: Kongwa na zake, Mpwapwa na zake, mjini na zake?

Mwaka 2002 Nakao na wenzake walisoma jeni za mitokondria (vinu vya nishati ndani ya chembe, vyenye DNA yake) za tegu hili kutoka nchi mbalimbali, wakakuta matawi mawili makubwa: moja la Asia, jingine la Afrika na Amerika ya Kilatini kwa pamoja. Hilo la pili linadhaniwa kuwa lilisambazwa na nguruwe waliosafiri kwenye meli za Wazungu miaka 500 hivi iliyopita. Madagaska ina matawi yote mawili. Sisi tuko ng'ambo ya maji tu kutoka Madagaska, kwa hiyo siri yangu, ambayo msimamizi wangu hajaiona kwenye andiko la mradi, ni kwamba natamani kulikuta tawi la Asia hapa kwenye vumbi la Ugogo.

Wiki ya 1, Ijumaa

Nimezunguka machinjio. Kibaigwa, wilayani Kongwa, kuna karo moja la nguruwe, yaani sakafu ya kuchinjia, linalofanya kazi siku nyingi za wiki. Watu wanaijua Kibaigwa kwa soko la mahindi, lakini penye mahindi pana mashine za kusaga, penye mashine pana pumba, na penye pumba nguruwe hanyimwi. Mjini Dodoma nimepata makaro mawili yaliyokubali. Mpwapwa moja.

Kondoa nimeiacha. Wenyeji wengi kule ni Waislamu na nguruwe ni wachache. Itabaki pengo kwenye ramani, na nitalazimika kueleza kwamba pengo hilo ni la nguruwe, si lazima liwe la tegu.

Mchinjaji mmoja wa mjini aliponiuliza natafuta nini nikamwambia mdudu. Akacheka sana. Baa za hapa "mdudu" ni jina la nyama ya nguruwe yenyewe, sawa na kitimoto au mbuzi katoliki. "Sasa wewe unatafuta mdudu ndani ya mdudu," akasema. Tangu hapo ndilo jina la mradi wetu karoni.

Wiki ya 2, Jumatano

Hasara ya kwanza. Nguruwe watatu wenye vifuko vizuri kabisa, vya maji meupe na nukta moja ndani, na vyote vimetiwa kwenye fomalini. Nilikuwa nimeacha chupa za ethanoli karoni. Zilipoisha, aliyenisaidia akatumia dawa aliyoizoea, ile inayotumika kuhifadhi vipande vya nyama vya kuangalia kwenye hadubini. Nia yake ilikuwa njema. Kwa hadubini ingefaa. Kwa DNA, fomalini huikatakata na kuigandisha na protini hadi haisomeki vizuri. Chupa namba 1, 2 na 3 nimezipanga dirishani kama mapambo.

Nimenunua kalamu nyekundu. Kila chupa sasa imeandikwa ETHANOLI TU.

Wiki ya 3, Jumanne

Leo nimefundishwa kazi na dalali.

Chuoni tulifundishwa kukagua ulimi wa nguruwe: mlaze ubavu, mfunge, chomeka kipande cha mti mdomoni, vuta ulimi, papasa kwa chini. Ukihisi vijipele vigumu chini ya ngozi, ana vifuko. Nikadhani ni ujuzi wa madaktari. Dalali wa Kibaigwa, mzee aliyenunua nguruwe tangu mimi sijazaliwa, anafanya hivyo kwa nusu ya dakika, peke yake, na mti wake anautembeza mfukoni kama kalamu.

"Shikamoo mzee. Ukimkuta anazo, unafanyaje?"

"Marahaba, daktari. Bei inashuka."

"Humwachi?"

"Nikimwacha atakuja mwingine amchukue. Bora bei ishuke kwangu."

Hapo nikaelewa kwa nini nguruwe wenye vifuko vingi siwaoni karoni kwenye ukaguzi wa mchana. Wanachinjwa usiku, nyumbani, kwa bei ya chini. Wanaofika kwenye karo ni wale ambao ulimi haukusema kitu, wenye vifuko vichache vilivyojificha kwenye mapaja au moyo. Ukaguzi wa ulimi hukamata hasa walioathirika sana. Kwa hiyo sampuli zangu zimechujwa na dalali kabla ya mimi kuziona. Lazima niandike hili kwenye tasnifu, na nitaandika kwamba niliambiwa na nani, hata kama ni "mfanyabiashara mmoja".

Wiki ya 4, Jumatatu

Nimeharibu. Hili si kosa la fomalini la mtu mwingine, ni langu mwenyewe tangu kwenye andiko la mradi.

Chupa zote nilizokusanya Kibaigwa nimeziandika KBG, kisha namba. Za Mpwapwa MPW. Za mjini DOM. Kwenye jedwali, safu ya "mahali" inajazwa kwa herufi hizo. Nilikuwa nimeshaanza kuchora ramani na nukta zangu za rangi.

Asubuhi nikamkuta dalali anashusha nguruwe wanne kutoka kwenye fuso. Nikamuuliza, kwa mazungumzo tu, wanatoka kijiji gani. "Hawa wa Babati." Babati! Nikauliza wale wa wiki iliyopita. Wawili wa Pandambili, mmoja hajui, alimnunua kwa mwenzake njiani. Nikauliza wale wa mjini Dodoma. Akanitazama kwa huruma: "Daktari, nguruwe wa mjini wa mjini?"

Basi KBG maana yake ni mahali nguruwe alipofia, wala si mahali alipokula mayai. Tangu barabara ya Dodoma hadi Babati iwekwe lami, nguruwe wa Manyara, mkoa wa Babati, hufika hapa kabla jua halijachomoza. Mji umepanuka: sensa ya 2012 ilihesabu watu 2,083,588 mkoani, ile ya 2022 ikahesabu 3,085,625, na serikali nzima ilihamia katikati ya miaka hiyo. Watumishi wanataka nyama. Nguruwe wa vijiji vya Dodoma peke yao wangetosha wapi?

Nimefuta ramani. Sitasema nililia, lakini chai ya jioni niliinywa imepoa.

Wiki ya 4, Alhamisi

Lebo mpya. Kila chupa sasa ina mistari mitano: karo, kijiji alikonunuliwa, kama alizaliwa hapohapo au aliletwa, umri kwa makadirio, na aliyenunua. Vifuko hukua miezi miwili hadi mitatu ndani ya nguruwe kabla ya kukomaa, kwa hiyo aliyeletwa kijijini mwezi jana amekuja na vifuko vyake kutoka kwao.

Kati ya chupa za zamani, tano hazina asili. Nimerudi kwa dalali na orodha ya tarehe. Tatu amezikumbuka, mbili hapana.

Wiki ya 5 na ya 6

Mvua. Njia ya Mpwapwa ilikatika siku mbili. Nguruwe wachache. Hakuna la kuandika isipokuwa kwamba nimejifunza kula mlenda na ugali wa uwele bila kuudondosha kwenye shati.

Wiki ya 7, Jumatano

Tetesi za homa ya nguruwe zimepita kijiji kwa kijiji. Si taarifa rasmi, ni simu za watu tu. Homa hiyo haina chanjo huku kwetu wala dawa, na watu wanakumbuka mabanda yaliyobaki matupu. Kwa hiyo kila mwenye nguruwe anauza kabla karantini haijatangazwa. Wamepakiwa kwenye bodaboda wamefungwa miguu, kwenye bajaji, juu ya mabegi ya abiria. Kwa siku tatu karo limejaa, bei imeanguka, na mimi napata sampuli kuliko mwezi mzima. Nusu yao hakuna anayejua wametoka wapi hasa.

Ndiyo kusema: hofu ya ugonjwa mmoja inausafirisha ugonjwa mwingine. Kifuko hakina miguu. Kinapanda bodaboda.

Wiki ya 8, Jumamosi

Kijijini, mbele ya Pandambili. Tulikwenda kuuliza kuhusu ufugaji: mabanda, vyoo, nani anafungulia nguruwe na lini. Kongwa wamezoea watafiti, macho yao yamechunguzwa kwa ajili ya trakoma tangu miaka ya 1980, kwa hiyo hakuna anayeshtuka kuona dodoso. Mzee mmoja alinisalimia "Mbukwa," akaniletea kiti, kisha akauliza kama na mimi nitageuza kope zake.

Masika nguruwe hufungwa ili wasile mazao. Kiangazi hufunguliwa. Wakati huohuo watu wanakwenda haja porini kwa sababu choo kimebomoka, licha ya kampeni zote za Nyumba ni Choo. Jua kali la hapa husaidia kidogo: mayai hayapendi kukauka. Lakini chini ya kivuli cha mbuyu, karibu na kisima, pana unyevu wa kutosha, na ndipo nguruwe wanapolala mchana.

Mama mmoja aliniuliza kando, sauti ya chini, kama kijana wake mwenye kifafa alipata kwa kula nguruwe. Nikamweleza kwamba mimi ni daktari wa mifugo, ubongo wa mtu hauonekani bila kipimo cha picha hospitalini, na kifafa kina sababu nyingi. Na kama ni tegu, hakikuja kwa nyama aliyokula. Kilikuja kwa mayai, pengine kutoka kwa mtu mwingine kabisa asiyejijua. Alinyamaza. Kisha akasema, "Basi si kosa lake." Miaka yote walikuwa wakimwambia ni ulafi wake wa nyama.

Sina safu ya kuandika hilo kwenye jedwali.

Wiki ya 9, Jumanne

Hesabu ya karoni imefungwa: nguruwe 17 wenye vifuko. Tukiwaondoa wale 3 wa fomalini, tunabaki na 14 wa kuingia maabara.

Msaidizi wangu ameuliza swali zuri: kwa nini nguruwe 14 tu, wakati mmoja wao ana vifuko zaidi ya mia? Si tuchukue mia kutoka kwake, tumalize?

Nimemchorea ubaoni. Tegu ni huntha, ana viungo vya kiume na vya kike katika kila pingili, na kwa kawaida hukaa peke yake tumboni mwa mtu. Kwa hiyo mama wa mayai mara nyingi ndiye baba yao. Nguruwe akila pingili moja, vifuko mia alivyonavyo ni ndugu wa tumbo moja, tena wanaofanana kuliko ndugu. Ukivisoma vyote umesoma familia moja mara mia, na utaapa mbele ya wanasayansi kwamba Dodoma nzima ni ukoo mmoja. Tunachukua vifuko viwili kwa kila nguruwe, kutoka sehemu mbili tofauti za mwili. Vikifanana, sawa. Visipofanana, nguruwe huyo amekula kwa watu wawili.

Hiyo nayo inaeleza kwa nini tegu hili lina utofauti mdogo wa kijenetiki mahali pamoja. Anayejizalisha mwenyewe haleti mengi mapya.

Wiki ya 10, Alhamisi

Umeme ulikatika usiku, jokofu likayeyuka hadi nyuzi 4. Ethanoli imetuokoa. Tumeendelea.

Njia tunayotumia ni ya PCR, ya kunakili kipande cha DNA mara nyingi, yenye praima (vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia unakili) kadhaa kwenye mrija mmoja, iliyochapishwa na Yamasaki na wenzake mwaka 2004. Inasoma jeni ya cox1 ya mitokondria, na kila aina hutoa kipande cha urefu wake: tegu la nguruwe la tawi la Afrika na Amerika hutoa herufi 720 za DNA, la tawi la Asia 984, tegu la ng'ombe 827. Unaendesha jeli, inayotenganisha vipande kwa umeme, vifupi vikienda mbali zaidi, unatazama mstari umesimama wapi.

Saa 2 usiku nikaitazama jeli chini ya mwanga wa zambarau. Mistari yote chini, kwenye 720, safi. Isipokuwa kisima (kitundu cha kutilia sampuli) cha mwisho, pembeni kabisa. Mstari wake umesimama juu zaidi, karibu na pale 984 ingekuwa.

Nilipiga picha kumi na mbili. Nikampigia msimamizi simu usiku. Nikaanza kuwaza Waaustronesia, wale mabaharia wa Asia waliofika Madagaska, na mitumbwi yao, biashara ya Bahari ya Hindi, misafara ya zamani iliyopumzika Mpwapwa ikienda Tabora. Kufika saa 5 nilikuwa na aya mbili za makala.

Wiki ya 10, Ijumaa

Jeli ilikuwa inatabasamu. Ndivyo maabara husema: katikati ya jeli hupata joto, DNA inakimbia, pembeni inabaki nyuma, mistari inajikunja kama mdomo unaocheka. Ngazi ya kupimia niliiweka katikati, sampuli yangu ya kihistoria pembeni. Nimeirudia mara tatu, umeme mdogo, ngazi pande zote mbili. 720. 720. 720.

Aya mbili nimezifuta. Msimamizi hakunicheka, jambo ambalo liliniuma zaidi.

Wiki ya 11, Jumatano

Kati ya nguruwe 14, kumi wametoa mstari wa 720. Wanne hawakutoa chochote. Mmoja tuliporudia kutoa DNA yake alikubali. Watatu wamegoma kabisa, ingawa DNA ipo na ni nzuri.

Nimerudi kwenye lebo. Zote tatu zilichukuliwa siku nilizokuwa Mpwapwa, na zimeandikwa "kifuko", bila kiungo. Nikampigia aliyezichukua. "Kwenye ini, daktari. Na moja kwenye ule utando wa mafuta."

Ini! Nilikuwa nimeongeza mistari mitano kwenye lebo na nikasahau wa sita. Tumetumia praima nyingine, za mategu kwa ujumla, na nimezitenga kwa ajili ya kusomwa. Nashuku *Taenia hydatigena*, tegu la mbwa. Mbuzi, kondoo na nguruwe hulipata kwa kula mayai ya kinyesi cha mbwa, na vifuko vyake hupenda ini na utando wa tumbo. Vikiwa vichanga ni vidogo, vinadanganya.

Jambo hili si dogo kama linavyoonekana. Kipimo cha damu cha antijeni ya mategu, yaani chembechembe za tegu zinazoelea kwenye damu, hakitofautishi haya mawili kwa nguruwe. Ukipima damu pekee unaweza kuhesabu kazi ya mbwa ukamtwisha mwenye choo kibovu.

Wiki ya 12

Kibali cha kusafirisha sampuli. Fomu, muhuri, fomu. Zimeondoka Ijumaa.

Usiku fisi walilia nyuma ya hosteli. Nikamweleza msaidizi wangu kazi ya Hoberg na wenzake ya mwaka 2001: ndugu wa karibu wa tegu la nguruwe wanakaa kwa wanyama walao nyama wa Afrika, akiwemo fisi. Kwa hesabu zao, mababu zetu walilipata tegu hapahapa Afrika walipoanza kula mawindo yaleyale aliyokula fisi, muda mrefu kabla mtu hajafuga nguruwe. Maana yake nguruwe hakutuletea sisi. Sisi ndio tuliompa. Msaidizi akafikiri kidogo, akasema hilo asilipeleke kwa bibi yake, ambaye tayari haamini madaktari.

Wiki ya 15, Jumatatu

Majibu yamerudi.

Zile tatu: *T. hydatigena*, kama nilivyoshuku.

Za tegu la nguruwe, tisa kati ya kumi na moja zimesomeka vizuri. Zote tisa ni za tawi la Afrika na Amerika. Utofauti kati yao ni herufi moja moja tu, na saba zinafanana kabisa. Nguruwe mmoja tu ana vifuko viwili vyenye herufi tofauti, kwa hiyo alikula kwa watu wawili. Ni yule wa kijiji cha mbuyu, wa kisimani.

Sasa ramani. Wale saba wanaofanana: wawili walizaliwa Pandambili, mmoja Mpwapwa, wawili wa Babati, wawili wa mjini wasio na asili. Ningechora kwa lebo za zamani, ningesema kwa ushujaa kwamba ukoo mmoja umetawala Dodoma mashariki. Kwa lebo mpya sioni ukoo uliokaa mahali. Naona barabara. Lakini nguruwe tisa ni wachache, na cox1 inabadilika polepole mno kuonyesha yaliyotokea miaka kumi ya lami. Itabidi tuingie kwenye vipande vinavyojirudia vya DNA ya kiini, vinavyobadilika haraka zaidi. Msimamizi amekubali. Fedha hazijakubali.

Wiki ya 15, Jumatano

Nilikwenda Kibaigwa kumpa dalali habari, maana ilikuwa ahadi. Nikamweleza kwamba bila yeye ningechapisha uongo. Akauliza kama uongo huo ungelipwa.

Kisha, kama jambo la kawaida tu, akasema kwamba wale wawili wa mjini tusiowajua asili anaweza kuwapata. Yeye huandika. Ana madaftari ya madeni ya miaka kumi na moja: tarehe, kijiji, jina la muuzaji, idadi, nani alikuwa na chenga na bei ilishuka kiasi gani.

Miaka kumi na moja. Mimi nilikuwa namuuliza kwa kumbukumbu, naye hakutaja, kwa sababu niliuliza anakumbuka nini, sikuuliza ameandika nini.

Madaftari yako kwa mkewe, sandukuni, na mama huyo hayatoi nje ya nyumba. Nakili huko huko, majina ya wauzaji nisiyaandike. Alhamisi ijayo, baada ya saa 4. Nimeambiwa nije na sukari kilo mbili.